Mbwa Anayejikuna Kila Siku: Huenda Chakula Chake Ndicho Kinachomdhuru

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kiplombe



Katika mashamba yetu ya skimu za makazi mbwa hana kazi ndogo. Usiku hulinda ng'ombe, ndama na ghala la mahindi. Mchana hufukuza tumbili na wanyama wengine wanaoharibu shamba. Lakini mara nyingi mlinzi huyu akianza kujikuna na kunyonyoka manyoya, watu husema, "Ana upele, atawaambukiza watoto," kisha hufukuzwa, hupewa sumu, au humwagiwa dawa ya josho. Hivyo mkulima hupoteza mlinzi wake kwa sababu ya maradhi ambayo pengine hayaambukizi kabisa, na ambayo dawa yake ni kubadilisha chakula tu.

Makala haya yanaeleza aleji ya chakula katika mbwa, ambayo siku hizi huitwa pia mzio. Yanaeleza dalili zake, jinsi ya kuitofautisha na maradhi mengine, na jinsi ya kumtunza mbwa mwenye shida hiyo bila gharama kubwa.

ALEJI NI KITU GANI?

Mwili wa kila mnyama una kinga yake, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Ni kama askari wanaolinda boma. Wakati mwingine askari hawa hukosea, wakakiona chakula kizuri kuwa ni adui, wakaanza kupigana nacho. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta mwasho, uvimbe na vidonda. Neno hili la aleji lilianza kutumiwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa mji wa Vienna.

Kinga ya mwili haipigani na chakula chote. Kwa kawaida hupigana na sehemu ijengayo mwili, yaani protini. Kila chakula kina protini yake, na kwa hiyo mbwa mmoja aweza kudhuriwa na maziwa lakini asidhuriwe na samaki.

Yafaa kukumbuka neno moja ambalo huwapoteza wengi. Mkulima husema, "Haiwezekani kuwa ni chakula, kwani amekula hicho hicho kwa miaka mitatu." Huko ni kukosea. Kinga ya mwili hujifunza kuchukia chakula baada ya kukutana nacho mara nyingi. Chakula alichokizoea mbwa ndicho kinachoshukiwa kwanza.

VYAKULA VINAVYODHURU

Mwaka 2016 wataalamu watatu, Mueller, Olivry na Prélaud, walikusanya habari za mbwa 297 waliothibitishwa kuwa na aleji ya chakula. Waliona ya kwamba nyama ya ng'ombe ilidhuru mbwa 34 katika kila 100, maziwa na vitu vitokanavyo na maziwa 17, nyama ya kuku 15, na ngano 13. Mahindi yalidhuru mbwa 4 tu katika kila 100, na mchele na samaki walikuwa chini zaidi.

Basi tazama sufuria ya mbwa wako hapa Uasin Gishu. Ndani yake mna nini? Ugali wa jana uliolowekwa katika maziwa au mabaki ya mursik, kipande cha chapati au mkate, pumba za ngano, na mifupa ya ng'ombe kutoka buchani. Isipokuwa ugali, karibu vyote vimo katika orodha ile. Hii si kusema vyakula hivyo ni vibaya. Mbwa wengi huvila maisha yao yote wakanawiri. Lakini mbwa wako akiugua, ndipo pa kuanzia kutafuta.

Kuna jambo jingine la kutofautisha. Mbwa wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari iliyo katika maziwa, na wakinywa maziwa mengi huharisha. Hiyo si aleji. Mbwa wa namna hiyo huharisha bila kujikuna, na akipunguziwa maziwa hupona upesi.

DALILI ZA ALEJI YA CHAKULA

Dalili kubwa ni kuwashwa. Mbwa hujikuna, hujilamba na kujitafuna wakati wote wa mwaka, mvua na kiangazi. Tazama hasa mahali hapa:

(1) Masikio. Huwa mekundu ndani, yana nta nyeusi na harufu mbaya. Yakitibiwa hupona, kisha baada ya majuma machache huugua tena.

(2) Nyayo. Mbwa hulamba katikati ya vidole mpaka manyoya meupe yakageuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate.

(3) Tumbo, makwapa na mapajani. Ngozi huwa nyekundu, na baadaye huwa nyeusi na nene.

(4) Sehemu za nyuma. Mbwa hujiburuta chini kwa makalio, au hujilamba chini ya mkia.

Pamoja na hayo, mbwa wengine huharisha, hutapika, hujaa hewa tumboni, au huenda haja mara nyingi kuliko kawaida. Mwasho wa mwaka mzima ukiandamana na tumbo baya, wasiwasi juu ya chakula huzidi. Aleji hii yaweza kuanza mbwa akiwa mtoto wa miezi michache, au akiwa mzee.

KWANZA ONDOA SABABU NYINGINE

Hapa ndipo penye kuhitaji akili. Aleji ya chakula si jambo la kila siku. Katika mbwa 100 wanaopelekwa kwa daktari kwa ajili ya magonjwa ya kila namna, ni 1 au 2 tu wenye aleji hiyo. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha chakula kabla ya kuangalia mambo yafuatayo.

Viroboto. Hawa ndio wa kwanza kushukiwa. Mbwa mwenye viroboto hujitafuna zaidi mgongoni karibu na mkia. Chukua kitana chenye meno ya karibu, mchane mgongoni, kisha kung'uta uchafu juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Vijipunje vyeusi vikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu iliyotoka tumboni mwa viroboto. Kumbuka kwamba mayai ya viroboto huanguka katika malazi na vumbi la kibanda. Kumtibu mbwa bila kusafisha kibanda ni kuteka maji kwa ungo. Choma majani ya zamani aliyolalia, fagia, na uanike magunia juani.

Upele wa utitiri. Wadudu hawa ni wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Huchimba ngozi, hasa ncha za masikio, viwiko na tumbo. Upele huu huambukiza mbwa wengine upesi, na huweza kuwawasha watu pia. Basi kama watoto wanaocheza na mbwa wamepata vipele mikononi na tumboni, fikiri upele wa utitiri kwanza. Ipo namna nyingine ya utitiri inayowapata zaidi mbwa wachanga, ambayo huwanyonyoa manyoya usoni na miguuni bila mwasho mwingi mwanzoni, nayo haiambukizi watu. Daktari hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa darubini ili aijue namna yenyewe.

Choa. Huu ni ukungu wa ngozi unaonyonyoa manyoya kwa duara. Huambukiza watu.

Aleji ya vumbi na maua ya majani. Mbwa mwingine hudhuriwa na vitu anavyovuta kwa pua au kugusa, wala si chakula. Mara nyingi mwasho huu huzidi majira fulani ya mwaka. Mwasho usiojua majira huelekea zaidi kwenye chakula, ingawa vumbi la nyumbani nalo halina majira.

Mahindi yaliyooza. Wako wakulima ambao mahindi yakishika ukungu husema, "Haya ni ya mbwa." Hiyo ni hatari kubwa. Ukungu huleta sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya, nayo huua mbwa vile vile. Mbwa aliyelishwa mahindi hayo akakataa chakula, akatapika, na macho na fizi zikawa za manjano, huyo ana sumu, si aleji. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kichaa cha mbwa. Mbwa aliyeumwa na mbwa mwingine, akaanza kutafuna mahali pale pale alipoumwa, na tabia yake ikabadilika, akawa mkali au mnyonge kuliko desturi, akatokwa na mate au akashindwa kumeza, usimshike kabisa. Toa habari kwa ofisi ya mifugo mara moja. Mtu aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja.

JARIBIO LA MAJUMA MANANE

Viroboto na utitiri wakiisha kuondolewa, na vidonda vikatibiwa, lakini mwasho ukabaki, sasa ndio wakati wa kujaribu chakula. Wako watu wanaouza vipimo vya damu au vya manyoya, wakiahidi kutaja chakula kinachodhuru. Vipimo hivyo havitegemeki. Njia ya kuaminika ni moja tu: kumwondolea mbwa vyakula vyote vya zamani kwa majuma 8, kisha kumrudishia na kutazama.

Kwa nini majuma 8? Kwa sababu ngozi haiponi kwa siku mbili. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, zaidi ya mbwa 80 katika 100 wenye aleji hii walipata nafuu kwa majuma 5, na zaidi ya 90 kwa majuma 8. Anayekata tamaa juma la tatu hatajua kitu.

Chagua protini moja na chakula cha wanga kimoja, ambavyo mbwa hajapata kuvila, au amevila mara chache sana. Hapa kwetu vitu hivi hupatikana:

Protini: samaki aina ya ngege aliyetolewa miiba, au omena safi isiyotiwa chumvi, au nyama ya sungura. Nyama ya mbuzi na kondoo haifai sana kwa jaribio, maana wanyama hao ni jamaa wa karibu wa ng'ombe, na protini zao zafanana.

Wanga: viazi vya kawaida au viazi vitamu, vilivyochemshwa na kumenywa. Viazi vilivyogeuka kijani visitumiwe, kwani vina sumu.

Kwa mbwa mzima mwenye uzito wa kilo 20, anza kwa siku na gramu 300 za samaki aliyepikwa, au gramu 100 za omena kavu zilizooshwa mchanga na kuchemshwa. Gramu 600 za viazi. Na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Mbwa akikonda, ongeza kidogo, akinenepa, punguza. Badilisha polepole kwa siku 4 au 5 za kwanza ili tumbo lisichafuke, na majuma 8 uyahesabu tangu siku chakula cha zamani kilipokwisha kabisa.

Chakula hiki kinatosha kwa muda wa jaribio kwa mbwa mzima. Mbwa mchanga anayekua, au jike mwenye mimba au anayenyonyesha, asiwekwe katika jaribio bila shauri la daktari wa mifugo, kwa sababu huhitaji chokaa na madini zaidi.

SHERIA ZA JARIBIO

Jaribio likivunjwa kwa tonge moja, huenda majuma yote yamepotea. Kwa hivyo:

1. Waambie watu wote wa nyumbani, na hasa watoto. Mtoto akimtupia mbwa kipande cha chapati, ngano imeingia.

2. Waambie na majirani. Mbwa anayezunguka mabomani hula asichopewa na mwenyewe.

3. Mbwa afungwe au awekwe kibandani mchana, na atembezwe kwa kamba. Usiku akilinda, zizi liwe limefagiliwa, maana mbwa hula kondo la nyuma la ng'ombe na hulamba ndoo za maziwa.

4. Mpe maji matupu. Asipewe chai ya maziwa wala maji ya kuoshea mitungi ya maziwa.

5. Asipewe mifupa ya namna yo yote.

6. Dawa za minyoo na za viroboto zinazotafunwa mara nyingi hutiwa ladha ya nyama. Mwambie daktari akupe isiyo na ladha.

7. Tenga sufuria na sahani ya mbwa peke yake.

Weka daftari. Kila jioni andika tarehe, alichokula, na mwasho wake kwa hesabu ya 0 hadi 10. 0 ni mbwa asiyejikuna, 10 ni mbwa asiyelala kwa kujikuna. Andika pia hali ya masikio na choo. Macho husahau, lakini daftari halisahau.

Wakati mzuri wa kufanya jaribio ni baada ya kuvuna mahindi, kabla ya kazi ya kupanda kuanza. Ukianza tarehe 10 Januari, siku ya 56 katika mwaka wa kawaida itakuwa tarehe 6 Machi.

KURUDISHA CHAKULA CHA ZAMANI

Tuseme majuma 8 yamekwisha, na hesabu ya mwasho imeshuka kutoka 8 hadi 2. Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini bado hujathibitisha. Huenda amepona kwa sababu viroboto wamekwisha, au majira yamebadilika. Mrudishie chakula chake cha zamani chote kama kilivyokuwa. Mwasho ukirudi katika siku 14, na mara nyingi hurudi katika juma la kwanza, basi ni chakula. Usipande juu, acha mara moja, umrudishe kwenye chakula cha jaribio mpaka atulie.

Kisha mtafute adui mwenyewe. Ongeza kitu kimoja tu juu ya chakula cha jaribio, ukitazame kwa siku 14: kwanza maziwa, halafu nyama ya ng'ombe, halafu ngano, halafu ugali wa mahindi. Kisicholeta mwasho kiandike "kizuri". Kinacholeta mwasho kiandike "kibaya", ukiondoe, ungoje atulie kabla ya kujaribu kingine.

Kama majuma 8 yamekwisha na mwasho haukupungua hata kidogo, chakula hakina kosa. Rudi kwa daktari na daftari lako, nalo litamsaidia.

KUMLISHA BAADA YA HAPO

Aleji ya chakula haina dawa ya kuimaliza. Dawa yake ni kukiepuka kile kinachodhuru, maisha yote ya mbwa. Hili si jambo gumu. Mbwa ambaye adui yake ni maziwa aweza kula ugali mzuri, omena na mifupa isiyo na kosa kwake, ila asinywe maziwa. Mbwa ambaye adui yake ni nyama ya ng'ombe huenda akala samaki na ugali kwa gharama ndogo. Kwa chakula cha daima, omba shauri la daktari ili madini yasipungue.

Matumbo na maini ya ng'ombe, kondoo au mbuzi yasipewe mbwa yakiwa mabichi. Yaweza kuwa na vifuko vya tegu, na mbwa akiwa na tegu hiyo mayai yake huwapata watu na kuwaletea uvimbe ini na mapafuni. Chemsha kwanza, au zika. Mifupa iliyopikwa nayo isitolewe, kwa kuwa hupasuka na kumtoboa mbwa matumbo.

MAMBO YASIYOFAA KUFANYWA

Usimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho iliyochanganywa kwa kipimo cha ng'ombe. Mbwa hujilamba, akaimeza.

Usimpake mafuta ya gari yaliyotumika. Hayo huunguza ngozi na kudhuru ini na figo.

Usimdunge mwenyewe dawa ya minyoo ya ng'ombe kama ivermektini. Mbwa wa jamii ya wachunga kondoo, na machotara wao, wengi wana urithi wa mwili unaoifanya dawa hiyo kuingia ubongoni na kuwaua.

Usimpe vidonge vya maumivu vya watu.

Usiridhike na sindano ya kutuliza mwasho peke yake. Sindano hiyo hutuliza kwa siku kadhaa, kisha mwasho hurudi, na ikirudiwa mara nyingi huleta madhara. Daktari aweza kuitumia mbwa akiwa katika taabu, lakini andika tarehe yake katika daftari, isije ikakudanganya kwamba chakula kipya ndicho kilichoponya.

MSAADA UNAPATIKANA WAPI?

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Mkulima wa Kiplombe na aanzie kwa afisa wa mifugo wa wadi, au ofisi ya mifugo ya Turbo. Eldoret ina maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Ukimwita daktari wa kujitegemea, uliza kama ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Siku hiyo hiyo mbwa achanjwe kichaa, kama mwaka umepita tangu chanjo ya mwisho.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kujikuna si lazima kuwe ni upele wa kuambukiza.
2. Tafuta viroboto na utitiri kwanza, chakula baadaye.
3. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyoshukiwa zaidi. Ugali si sana.
4. Jaribio ni majuma 8 kamili, protini moja na wanga mmoja.
5. Rudisha chakula cha zamani ili upate hakika.
6. Andika kila siku.

Mbwa hawezi kusema panapomwuma. Huonyesha kwa kucha zake tu. Mwenye shamba akitazama kwa uangalifu na kuandika anayoyaona, atapata jibu, na mlinzi wa boma lake atarudi kazini.